Mtani, ripoti hiyo isubiri kidogo

Lindi, Jumapili

Mtani wangu Mshamu,

Salaam aleikum. Za Liwale? Huku wazima, ila joto na bei ya samaki, tuyaache. Somoe anakusalimu, na anauliza mizani yake.

Nimesoma rasimu ya ripoti yako ya mipingo. Ramani ile imenikaba koo. Unasema pori lenye aina nyingi za vinasaba vya kloroplasti, vile vijichembe vya kijani vya jani, ndilo lililokuwa kimbilio la mipingo miaka kama 21,000 iliyopita, barafu ilipotanda kaskazini mwa dunia. Hapana, si lazima! Mialoni ya Ulaya ilijihifadhi Hispania, Italia na Balkani, kisha ikapanda kaskazini barafu ilipoyeyuka. Mchanganyiko mkubwa kabisa haupo kwenye makimbilio hayo, upo katikati ya bara, koo za miti zilipokutana njiani. Kimbilio litafute kwenye aina zisizoonekana kwingine. Kwa hiyo jedwali liongezee safu: kila pori lina aina ngapi za kwake peke yake?

Tena kloroplasti ya miti mingi yenye maua hurithiwa kwa mama, inakusimulia safari ya mbegu tu. Chavua ikipita na nyuki, kloroplasti haina habari. Kule Ulaya mialoni ya spishi mbili ndani ya msitu mmoja mara nyingi ina kloroplasti ileile, maana imezaliana. Bila vinasaba vya kiini cha seli, vinavyotoka kwa baba na mama, ramani yako ni nusu.

Kuhusu vijana wako wanaokusanya majani ya kupima: mpingo huchipua mizizini. Wakichuma kwenye vishina vilivyosongamana, utapima mti mmoja mara tano na kushangilia undugu! Waachie walau mita 100 kati ya mti na mti, miti 30 kila pori. Majani machanga, yasiyo na umande, kwenye bahasha ya karatasi, ndani ya chombo kinachobana, na silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu, uzito mara kumi ya majani. Silika ikipoteza rangi, ibadilishwe siku hiyohiyo. Majani yakikawia kukauka yanakuwa meusi, na vinasaba vinakatikakatika.

Ila ramani, mtani, ramani!

Majani yale ya Nachingwea yalikaushwaje? Umbali uliandikwa, au walikadiria kwa macho? Maabara watapima vinasaba vya kiini pia, au fedha imekata? Mzee Chilumba bado ameing'ang'ania GPS? Na mizani ya watu inarudi lini?

Wako,
Issa