Wito wa harambee: vali ya binti yetu wa ghorofa ya nne

Tumsifu Yesu Kristo.

Wapendwa wanajumuiya, majirani wa Kayole wa dini zote, wazazi wenzetu wa shule, na nyinyi mliohamia Ruai na Kitengela lakini bado mko kwenye kundi letu la WhatsApp mkisoma kimyakimya: tumerudi. Mara ya pili mwaka huu. Mwenyekiti aliniambia niandike wiki mbili zilizopita na nimekuwa nikizungukazunguka, kwa sababu najua kuna waliotoa mwezi Machi wakati wao wenyewe walikuwa wanadaiwa kodi ya nyumba. Haya basi, aibu nimeimeza.

Ni yule binti yetu wa Gredi ya 8. Mama yake ametuomba jina lisiandikwe, na tumemheshimu. Mnaomfahamu mnamfahamu: ndiye aliyekuwa akisoma somo la kwanza Jumapili za watoto, mpaka sauti ikaanza kumkatikia katikati ya mstari.

Anaishi ghorofa ya nne. Ngazi 72, nimezihesabu mwenyewe nikiwa nyuma yake. Alhamisi moja nilimkuta pale chini saa kumi na nusu akitoka shule, mkoba ukiwa umebebwa na kaka yake mdogo wa Gredi ya 3. Alipanda ngazi saba akasimama. Akapanda tano. Kwenye kona ya ghorofa ya pili kuna kiti cha plastiki cha bluu, kimekatika mkono mmoja, ambacho jirani mmoja mama Mwislamu amekiweka hapo kwa ajili yake na kukifunga kwa kamba kwenye chuma cha ngazi kisije kuibiwa. Akaketi. Mshipa wa shingo ulikuwa unaruka, ukiuona waziwazi, kama kitu kinachotaka kutoka. Akaniambia, akitabasamu kidogo, kwamba amekaa kwenye kiti hicho mara nyingi hadi anajua kila nyumba inapika nini siku gani. "Huyu wa hapa leo ni omena." Kisha akanyamaza, akasema, "Fundi, mimi si mvivu." Sikuwa nimemuuliza. Kumbe kuna mwalimu aliwahi kumwambia hivyo mbele ya darasa, siku alipokataa kukimbia. Tulifika juu baada ya dakika 26.

Usiku halali chali. Analala ameegemea ukuta, nyuma yake mito miwili na gunia la nguo, maana akilala sawasawa anahisi kama anazama majini.

Sasa niruhusuni niwaeleze ugonjwa wenyewe, kwa sababu mwezi Machi hatukueleza vizuri, maneno yakatembea mtaani hadi ikasemekana ni mapepo. Mimi kazi yangu ni mabomba. Nusu ya pampu na matangi ya ploti za hapa yamepita mikononi mwangu. Mwezi Julai daktari alipotuonyesha picha ya eko, ambayo hupigwa kwa mawimbi ya sauti na kuonyesha moyo ukifanya kazi, mama aliangalia dirishani lakini mimi nilielewa kabla daktari hajamaliza kusema.

Moyo ni pampu yenye vyumba vinne na vali nne. Chumba cha chini upande wa kushoto ndicho chenye nguvu. Kinapobana, damu inasukumwa kwenda mwili mzima. Juu yake kuna mlango, vali ya mitrali, ambao kazi yake ni kujifunga wakati huo ili damu isirudi ilikotoka, upande wa mapafu. Kwa binti yetu mlango huo umekakamaa na kujikunja, haufungi. Kwenye kioo tuliona kila moyo ukibana, mwali wa rangi zilizovurugika ukiruka kurudi nyuma. Ni sawa na pampu ya ploti ambayo vali ya kuzuia maji yasirudi imekufa: mota inanguruma, nusu ya maji yanarudi kisimani, mota inanguruma tena, na mwisho inaungua. Damu inayorudi nyuma inaleta shinikizo kwenye mapafu, mapafu yanalowa, mtoto anakosa pumzi. Moyo nao unavimba kwa kufanya kazi ya mara mbili.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma karibu lita 5 kwa dakika. Hiyo ni mtungi wa lita 20 kila dakika 4. Kwa siku ni lita 7,200, matangi saba ya lita elfu moja na ziada, kwa mapigo kama 100,000, na hakuna fundi anayeruhusiwa kuizima hata sekunde kumi aweke gundi. Mimi ningekataa kazi ya namna hiyo.

Ilianzaje? Alikuwa na miaka 9, akaumwa koo. Mama akampa maji ya chumvi asukutue, koo likapoa. Baada ya wiki kadhaa goti likavimba, likapona, likavimba lingine. Bibi akasema anarefuka. Zahanati moja (siitaji) ikamtibu taifodi mara mbili. Kumbe ilikuwa homa ya baridi yabisi. Kuna bakteria wa koo waitwao streptokoki. Wasipotibiwa kwa dawa kamili, kuna watoto ambao kinga ya mwili wao huchanganyikiwa, ikishamaliza vita na bakteria inageukia viungo na vali za moyo. Daktari alituambia usemi wa kale wa madaktari, kwamba homa hii hulamba viungo na kuuma moyo. Magoti yalipona kabisa. Kule ndani iliacha meno.

Inawapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15, na inapenda mahali watu wamebanana, chumba kimoja watu watano, koo moja likikohoa linaambukiza mengine. Yaani sisi. Akina mama, mtoto akiwa na homa na koo limemuuma hadi kumeza ni shida, mpelekeni aangaliwe, na akipewa penisilini amalize dozi hata kama tayari anacheza mpira.

Binti yetu anachomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 4 ili homa isirudi kuuma tena pale pale. Inauma, anachechemea siku mbili. Hajawahi kukosa hata moja. Lakini sindano inazuia tu, haitengenezi mlango uliokwisha haribika. Daktari amesema wazi: upasuaji, na mapema, kabla moyo haujachoka kiasi cha kutovumilia kisu. Moyo utasimamishwa kwa muda, mashine ichukue kazi yake na ya mapafu, kisha vali itengenezwe, na ikishindikana iwekwe ya bandia. Wanapenda kwanza kuitengeneza, kwa sababu mwenye vali ya bandia ya kimitambo hunywa dawa ya kuzuia damu kuganda, warfarini, maisha yake yote, akipimwa damu mara kwa mara. Na kwa mtoto wa kike mama aliuliza swali ambalo sisi wanaume wa kamati hatukulifikiria: je, akiolewa? Dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Akishika mimba itabidi awe chini ya uangalizi wa karibu wa madaktari. Mama alinyamaza njia yote kwenye matatu.

Kuna jambo moja nilisoma nikafurahi, mnisamehe nikitoka nje ya mada kidogo. Mwaka 1960 huko Oregon, Marekani, daktari Albert Starr aliweka vali ya bandia ya mitrali iliyofanya kazi, kijipira ndani ya kizimba. Aliyeibuni pamoja naye, Lowell Edwards, alikuwa mhandisi mstaafu, mtu wa pampu. Na yeye ujanani alikuwa ameugua homa hii hii. Mafundi wenzangu, tujivunie.

Sasa pesa. Najua manung'uniko, nayajibu moja kwa moja.

Machi tulipata 118,500. Dawa za miezi 5 zilikula 31,000, eko na vipimo vya damu 38,200, kulazwa siku 3 mwezi Julai 25,500, nauli na teksi 9,300, meno 14,500. Jumla inafika pale pale 118,500, hakuna salio, na risiti ziko kwenye faili ya kijani kwa mweka hazina. Kuhusu hayo meno, ndugu yetu mmoja aliuliza kwenye kundi pesa ya moyo inang'oaje meno. Jibu: hospitali haifanyi upasuaji wa vali kabla mdomo haujakaguliwa. Jino lililooza hupitisha bakteria kwenye damu, na bakteria hao hupenda kukaa kwenye vali, hata mpya. Mawili yaling'olewa, moja likazibwa.

Ahadi za Machi ambazo bado ni maneno: 46,000. Wenyewe wanajijua. Hatutasoma majina madhabahuni, ingawa mwenyekiti alipendekeza.

Makadirio ya hospitali kwa upasuaji, siku za chumba cha wagonjwa mahututi na wodi, pamoja na dawa za mwezi wa kwanza, ni 985,000. Mama, ambaye ni mama mboga pale karibu na steji, alikopa kwenye chama cha akiba akalipa SHA, bima ya afya ya serikali, ya mwaka mzima kwa mkupuo. Bima hiyo, chama chenyewe, mchango wa walimu, na ndama wa mjomba aliyeuzwa nyumbani, vyote vimefikisha 555,000. Pengo ni 430,000. Kundi hili lina watu 312. Pigeni hesabu wenyewe.

Na sasa nitasema jambo litakalowaudhi. Mwezi Juni mzee wetu mmoja alilazwa wiki sita. Tukapitisha karatasi, tukapitisha tena, tukapata 41,000. Alipofariki, kwa siku nne tu tulichanga 386,000: jeneza, gari la kupeleka mwili nyumbani, mahema, ng'ombe wa kuchinja, na fulana zenye picha yake. Mimi nilimpa 200 akiwa wodini na 2,000 akiwa mochari. Nimeliungama hilo kwa padre, na leo naliungama kwenu. Huyu binti ana miaka 13. Sitaki kuvaa fulana yake.

Mama hakutaka harambee hii. Alituambia mtoto wake asitembezwe kwenye kikapu kama sadaka. Ilibidi akina mama wa jumuiya wakae naye kibandani hadi usiku, wakimsaidia kumenya njegere, ndipo akakubali. Kwa hiyo tukimwona sokoni tusimwonee huruma ya macho. Nunueni sukuma wiki.

Nafasi ya upasuaji tumepewa wiki ya mwisho ya Oktoba. Malipo ya awali yanatakiwa Ijumaa tarehe 17. Tukikosa, tunarudi nyuma ya foleni, na foleni hiyo ni ya miezi. Nambari ya Paybill imebandikwa ubao wa kanisa na ipo kwenye kundi. Msitume pesa kwa nambari ya mtu binafsi, hata ya kwangu, hata ya mwenyekiti. Watia sahihi wa akaunti ni watatu, mmoja ni mwalimu wa shule asiye wa kanisa letu. Taarifa ya pesa itasomwa kila Jumapili. Ikizidi, ziada inabaki kwa sindano na vipimo vyake; ikipungua, tutasema imepungua.

Asiye na pesa ana damu. Hospitali imetuomba wachangiaji 6, tungependa kupeleka 12. Uwe na miaka 16 hadi 65, kilo 50 au zaidi, na uwe mzima. Vijana wa kwaya, mlikula pilau ya Pasaka, tunawasubiri. Tutaondoka pamoja Jumamosi tarehe 18 saa mbili asubuhi. Mwenye matatu ametupa gari bila nauli, Mungu ambariki, mafuta ni juu yetu.

Harambee ni Jumapili tarehe 12 Oktoba, baada ya Misa ya pili, uwanjani. Kuku, mayai, viazi na mikungu ya ndizi vitapokelewa na kupigwa mnada. Mwaka juzi papai moja lilitupa 4,700 wakati wa kununua kengele, kwa hiyo msidharau papai. Chai ipo.

Binti mwenyewe atakuwepo, ameomba kuja. Ataketi mstari wa mbele, kwenye kile kiti cha bluu, jirani ameahidi kukifungua. Mshereheshaji tafadhali usimwite apande jukwaani kusalimia watu. Lina ngazi nne.

Katibu,
Kamati ya harambee ya jumuiya, Kayole, Nairobi