Karatasi za saluni si takataka, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalinunua miaka nenda miaka rudi na sijawahi kuwaandikia hata mstari, lakini ile habari ya Jumapili kuhusu mchoraji Mark Bradford imenikera mpaka nikaacha kichwa cha mteja na povu lake. Mwandishi wenu anasema eti huyo Mmarekani anabandika takataka za saluni halafu matajiri wanatoa mamilioni. Basi si angemaliza hadithi! Mamake Bradford alikuwa na saluni Los Angeles, na yeye mwenyewe ametengeneza nywele humo, na ndiko alikotoa vile vikaratasi vyembamba vya kukunjia ncha za nywele kabla ya kufunga rola. Akawa anavichoma kingo, anavibandika kimoja kimoja, inatokea mistari kama mtaa ukiutazama toka juu. Baadaye akaingia kwa mabango ya barabarani, tabaka juu ya tabaka, kamba katikati, kisha anashika mashine ya msasa anakwangua mpaka rangi ya chini itokeze. 2017 ndiye aliyewakilisha Marekani kule Venice, Italia, kwenye yale maonyesho makubwa ya sanaa. Nyinyi mlichoona ni ile dola milioni 12 iliyolipiwa picha yake moja mnadani London 2018 tu.

Mimi nina saluni hapa Malindi, hivyo vikaratasi navijua (siku hizi wengi wanasuka tu, boksi moja lanikalia mwaka). Sasa sikiza. Mwanangu wa dada, yuko fomu tatu, alivichukua kwa droo yangu vile vilivyotumika, vina madoa ya rangi nyeusi ya nywele, akabandua na mabango ya siasa hapo ukutani kwangu, akabandika yote kwa manila siku tatu mfululizo, kula hali, akitumwa dukani haendi. Ukiishika ile manila dirishani mwanga ukapita, chini kabisa waona jicho moja la mheshimiwa linakuchungulia, juu yake madoa, juu yake tena karatasi nyeupe kama utando wa kitunguu, wallahi nilisisimka. Kapeleka shule, mwalimu kamwambia nimetaka picha sio makorokoro, kachore dau na minazi. Akachora dau. Akapewa alama nzuri! Kwani huku Malindi mtu akishika brashi lazima atoe dau au ile nguzo ya Vasco da Gama? Hata huyo Vasco alikaa siku chache tu 1498 akaenda zake, sisi bado twamchora.

Na hayo mabango nayo, maana nimeshaanza. Ukuta wangu nimeupaka rangi ya waridi mara mbili kwa pesa yangu, na kila uchaguzi wanakuja usiku na gundi ya unga wa ngano bila hata hodi, wa 2022 bado wako wanacheka pale, mbuzi ndio wananisaidia maana wanaramba ile gundi wanang'oa na masikio ya wagombea.

Nawapa suluhisho. Mtumeni huyo mwandishi Jumatatu saa nne asubuhi, siku hiyo sina wateja. Nitampa ndoo ya maji na sponji abandue huo ukuta pole pole, tabaka moja moja, ahesabu, na kila rangi anayoikuta aiandike. Chai nitampa. Msasa aje nao mwenyewe.

Mama Saluni,
Malindi