Saa Uliyoifungia Kabatini

Kibokoni, Mombasa

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalamu alaykum. Baada ya salamu, natumai barua hii itakukuta u mzima hapo Tanga, pamoja na watoto na Mama Mkubwa. Sisi hatujambo. Nisamehe kwa kimya cha miezi minne. Leo nimeshika kalamu kwa sababu Fatma, aliporudi harusini, alinieleza kuwa ile saa ya kuhesabu hatua aliyokuletea Swaleh umeifungia kabatini, na kwamba presha yako ilipopimwa mara ya mwisho ilikuwa 158 kwa 96. Tangu aniambie, sijatulia.

Sikulaumu, maana nami nilipita njia hiyo hiyo. Utakumbuka kuwa mwezi wa Rajabu kipimo changu cha sukari cha miezi mitatu kilisoma 6.2, na daktari akanieleza kuwa kikifika 6.5 huitwa kisukari. Siku ile ile nilitia programu kwenye simu, nikaiacha inipangie hatua 10,000 kwa siku. Wiki ya kwanza nilijikaza; wiki ya pili miguu iliuma, wageni wakaja, na kila usiku simu ikawa inanionyesha duara jekundu na maneno kwamba lengo halikufikiwa, hata nikawa naogopa kuishika. Mwishowe niliizima milio yake, na kwa mwezi mzima hata kwenda Marikiti nilipanda tuktuk.

Aliyenirudisha ni muuguzi mmoja wa kliniki. Alinieleza kuwa hesabu hiyo ya 10,000 ilienea kutokana na kifaa kilichouzwa Japani mwaka 1965, ambacho jina lake lilikuwa na maana ya kipima hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la biashara, si kipimo kilichowekwa na madaktari. Shirika la Afya Duniani linataja dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kutia joto mwilini, yaani nusu saa kwa siku tano. Kisha akaniuliza kwa nini nataka sukari ishuke. Nilimjibu kuwa sitaki kumaliza umri wangu nikipapasa ukuta kutafuta mlango, kama marehemu Mama alivyokuwa baada ya kisukari kumharibu macho. Akaniambia niyaandike hayo ndani ya simu, badala ya maneno yaliyokuja na programu.

Basi sasa, kila baada ya swala ya alasiri, simu inalia na kuandika: Macho ya Mama. Mwanaidi, sijaweza kuyasoma maneno hayo nikabaki kitini. Nakunja msala, navaa viatu, nashika njia ya Mama Ngina mpaka niuone mlango wa bahari, kisha narudi.

Chai nayo nimeidhibiti kwa kuiandika. Kila kijiko cha sukari nakiingiza kwenye simu kabla sijakoroga, na tangu nianze hivyo, mara nyingi kijiko cha tatu hukirudisha koponi mwenyewe, kwa kuwa mkono uliokuwa ukichota kwa mazoea sasa hulazimika kungoja niandike.

Hata hivyo, shoga yangu, zipo siku ambazo hata maneno ya Mama hayanitoshi, hasa ninapokuwa peke yangu na hakuna anayejua kama nimetoka au sikutoka. Hapo ndipo ninapokuhitaji. Naomba uitoe saa ile, uipunguzie lengo mpaka hesabu unayoiweza, halafu kila usiku baada ya isha unitumie namba yako, nami nikutumie yangu. Ikiwa ndogo, itume hivyo hivyo; sitakusimanga, nami nakuomba usinisimange.

Sasa nijibu kwa ukweli. Dawa za presha unazinywa kila siku, au unangoja kichwa kiume? Saa haichukui nafasi ya dawa, hilo nakusihi. Umepunguza chumvi kwenye mchuzi? Ni nini hasa kilichokufanya uifungie saa: milio yake, au kuna jambo hukumwambia Fatma? Na wewe ukiandika maneno yako mawili ya kukuinua kitini, yatakuwa yapi?

Nitaanza Jumamosi usiku. Nitaiweka simu karibu na mto, nikiingoja namba yako.

Wako akupendaye,
Maryamu