Tusiwaite wasio na elimu wanaoiona hatari nyingine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nijibu kauli ambayo hurudiwa katika magazeti yetu, na hili lenu likiwamo, kila panapozuka mvutano kati ya mamlaka na wakazi wa pwani ya kusini: kwamba wananchi wa huku hawajapewa elimu ya kutosha, na kwamba wakishaelimishwa wataacha kubisha. Niliisikia mwaka 2013 wakati wa machafuko ya bomba la gesi hapa Mtwara. Niliisikia tena mwaka 2018 ilipoanza chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2019 tulipotakiwa kuondoka ufukweni kukipisha kimbunga Kenneth. Mimi ni karani wa mahakama niliyestaafu, si mwanazuoni. Hata hivyo, miaka niliyokaa nikiwasikia mashahidi wawili waaminifu wakiapa kisha wakasimulia ngumi moja kwa namna mbili ilinifanya niitilie shaka kauli hiyo, na hivi karibuni nimesoma kazi za mwanasheria wa Marekani ambazo zimeipa shaka yangu mguu wa kusimamia.

Mwanasheria huyo ni Profesa Dan Kahan wa Kitivo cha Sheria cha Chuo Kikuu cha Yale. Yeye na wenzake wamechunguza kwa miaka mingi kwa nini watu wenye akili timamu, waliopewa taarifa zilezile, hutofautiana kuhusu kipi cha kuogopwa na kipi cha kupuuzwa. Jibu lao ni kwamba mtu huipima hatari akiwa ndani ya kundi lake, na mara nyingi bila kujijua huangalia kwanza iwapo kulikubali jambo kutamtenga na watu anaoishi nao na ambao heshima yao anaihitaji. Mizizi ya wazo hilo haiko mbali nasi kama mtu anavyoweza kudhani. Mary Douglas, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyefanya utafiti wake wa awali miongoni mwa Walele wa Kasai nchini Kongo, ndiye aliyeandika pamoja na Aaron Wildavsky, mwaka 1982, kwamba kila jamii huchagua hatari za kuziogopa kulingana na inavyotaka watu wake waishi pamoja. Kahan alilichukua wazo hilo akalipeleka kwenye vipimo, na kisha kwenye sheria.

Mfano wake ulionigusa zaidi unahusu mahakama. Mwaka 2001, katika jimbo la Georgia, kijana wa miaka 19 aliyekuwa akiendesha gari kwa mwendo uliozidi kiwango alikaidi amri ya polisi ya kusimama. Wakamfukuza, na mwishowe askari mmoja akaligonga gari lake kwa nyuma, likaacha njia, na kijana akapooza viungo vyote vinne. Shauri lake lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, nayo mwaka 2007, kwa majaji wanane dhidi ya mmoja, ikasema kwamba video iliyorekodiwa na gari la polisi inajieleza yenyewe, na kwamba hakuna mtu mwenye busara ambaye angeitazama asione kuwa kijana yule alikuwa akihatarisha maisha ya watu. Mahakama iliiweka video hiyo mtandaoni ili kila mtu ajionee. Kahan na wenzake, David Hoffman na Donald Braman, wakafanya hasa hivyo: waliwaonesha Wamarekani 1,350. Wengi waliona kama majaji wanane. Lakini miongoni mwa Wamarekani weusi, miongoni mwa watu wa kipato cha chini na miongoni mwa wanaothamini usawa kuliko mamlaka, sehemu kubwa zaidi iliona kosa la polisi waliong'ang'ania kumfukuza kijana ambaye wangeweza kumwacha wakamkamata baadaye.

Watafiti hawakuishambulia Mahakama kwa sababu ya upande ulioshinda. Walichokilaumu ni ile sentensi ya kwamba hakuna mwenye busara ambaye angeona vinginevyo, kwa kuwa iliwaambia watu wa makundi yanayojulikana kabisa kwamba macho yao hayahesabiki. Niliposoma hapo niliiweka karatasi chini, kwa sababu nilikuwa nimeikuta kauli yetu ya "wananchi hawana elimu" ikiwa imevaa joho la jaji.

Na hiyo elimu yenyewe? Mwaka 2012 Kahan na wenzake walichapisha utafiti uliowahusisha zaidi ya Wamarekani 1,500 kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Kama kubisha kungekuwa ni kukosa elimu, wenye ujuzi mkubwa wa sayansi na hesabu wangekaribiana. Ikawa kinyume, kwani hao ndio waliotengana zaidi, kila mmoja akiutumia ujuzi wake kuutetea msimamo wa watu wake.

Sisemi tuyabebe matokeo hayo kama yalivyo. Kahan aliwapima Wamarekani kwa mizani ya mabishano ya Kimarekani, ya bunduki na ya mazingira, na yule atakayejaribu kuwapanga Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua katika visanduku vyake atapata kazi isiyo na maana. Huku kwetu makundi yamefumwa kwa ukoo wa upande wa mama, jando na unyago, msikiti, chombo mtu anachovulia na chama cha msingi anachopelekea korosho. Ninachokichukua kwake ni swali tu: anayekataa tahadhari, anaogopa nini ambacho anayeitoa hakioni?

Chukueni suala la gesi. Mwaka 2013 watu wengi wa hapa hawakuwa wakiogopa bomba kupasuka. Hatari waliyoiona ilikuwa kuachwa, yaani gesi ya Mnazi Bay, hapa Mtwara, kupita mbele ya macho yao kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, na mkoa kubaki kama ulivyo. Hofu hiyo ilikuwa na kumbukumbu nyuma yake. Wazee wa hapa wanaijua habari ya reli ya Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, ikafungwa mwaka 1962 na mataruma yake yakang'olewa. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo ukimjibu kwa takwimu za uchumi wa taifa, hujamjibu. Elimu ilitolewa kweli, ila ilihusu swali ambalo hakuliuliza.

Mwaka 2019 niliyaona haya nyumbani. Jirani yangu ni nahodha aliyeacha bahari kwa sababu ya magoti. Tangazo la kimbunga lilipotoka, na gari la kipaza sauti lilipopita mtaani kwetu, alikaa barazani akasema kaskazi imekwisha na kusi haijakaa sawa, kwa hiyo hakuna upepo wa kumhamisha. Binti yake, mwalimu wa sekondari, alimsomea taarifa yote ya hali ya hewa kwenye simu, neno kwa neno. Hakujibu. Baada ya adhuhuri alipigiwa simu na nahodha mwenzake wa Msimbati, aliyemwambia kwamba mawimbi ya kule yanakuja na mkokoto asioujua na kwamba yeye ameshaivuta mashua yake juu. Mzee alisimama, akachukua kanzu mbili na redio, akapanda bajaji. Kuhusu kimbunga chenyewe mwenzake hakumwambia zaidi ya alichosomewa na binti; tofauti ni kwamba safari hii kumwamini msemaji hakukumtoa katika unahodha wake.

Kenneth kilipiga ng'ambo ya mto Ruvuma, Cabo Delgado nchini Msumbiji, tarehe 25 Aprili, na baadhi ya waliopoteza nyumba ni ndugu zetu. Huku, siku zilizofuata, waliohama walichekwa. Hilo nalo linafaa kuwafikirisha watunga sheria, kwa kuwa tahadhari ya kweli ambayo maafa yake yameangukia kwingine hugeuka kuwa kithibitisho cha wabishi. Bahari kwa upande wake haijali nani aliamini. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitukatia barabara ya Kilwa maeneo ya Somanga.

Upo pia mfano wa kutia moyo, na nashangaa hautajwi. Uvuvi wa baruti ulikatazwa na sheria tangu zamani, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imeukataza tena, lakini katazo peke yake halikuwahi kuunyamazisha mlipuko. Katika miaka ya 1990, chini ya mpango wa maendeleo ya vijijini ulioitwa RIPS, uliofadhiliwa na Finland katika mikoa ya Mtwara na Lindi, wavuvi wa vijiji vya pwani walirekodi video wao wenyewe, wakaoneshana miamba iliyovunjika na wakaelezana hasara, na kutokana na harakati hizo ukazaliwa umoja wao ulioitwa Shirikisho. Baruti haikuisha siku hiyo. Lakini aliyeikemea alikuwa mvuvi, na kwa mara ya kwanza kuiunga mkono sheria hakukumfanya mtu aonekane mtu wa serikali.

Ombi langu ni dogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatoa nafasi ya kusikiliza maoni ya wananchi kabla ya miradi mikubwa, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Muhtasari wa mikutano hiyo uandike hofu iliyosemwa kwa maneno ya aliyeisema, na pembeni yake jibu alilopewa, badala ya mstari ule niliouzoea kazini usemao kwamba wananchi walielimishwa na wakaridhia. Katika kamati za maafa wawekwe manahodha, makungwi na wazee wa misikiti, nao waitwe mapema, wakati tahadhari inapoandaliwa. Nanyi wahariri, mnapotuma mwandishi huku, mwambieni aulize watu wanaogopa nini kabla ya kuandika kwamba hawajui.

Jirani yangu nahodha bado yuko barazani kwake jioni hizi, na vijana wa ufukweni hupita kumuuliza habari za upepo kabla ya kushusha ngalawa. Mpaka leo ninapoandika barua hii hajaombwa na mtu yeyote kuingia katika kamati.

Msomaji wenu,
Shangani, Mtwara