Salamu za Noeli kutoka Nyanda za Juu Kusini kwa familia changa zilizo ughaibuni

Tumsifu Yesu Kristo!

Noeli njema kwenu, akina baba na akina mama mlio ugenini na watoto wadogo mkononi. Huku nyumbani mvua imeshika, mahindi yanapaliliwa, na upande wa Iringa na Njombe ulanzi umeanza kugemwa. Mapango yamejengwa makanisani, kwaya ziko mazoezini kila jioni, na kwenye sala za jumuiya ndogo ndogo za mtaani mnatajwa kwa majina.

Dominika iliyo kati ya Noeli na Mwaka Mpya tunaadhimisha Familia Takatifu. Miaka mingine husomwa Injili ya Luka, ya Yesu kubaki hekaluni akiwa na miaka 12. Wengi tunakimbilia pale alipopatikana, tukaupita mstari wa katikati: Maria na Yosefu walitembea mwendo wa kutwa bila kumwona mwana wao, wakidhani yumo katika msafara. Mzazi anatulia vipi kutwa nzima hajamwona mtoto? Ni kwa kuwa msafara ule ulijaa macho ya jamaa na majirani. Akijikwaa yupo wa kumwinua, akisikia njaa yupo wa kummegea mkate. Msafara huo ndio familia changa inaoukosa ikifika ughaibuni, na pengo lake huonekana zaidi siku kama hizi.

Huku Mbeya msafara unakujia wenyewe. Ukihamia mtaa, mwenyekiti wa jumuiya anabisha hodi, na mtoto habatizwi mpaka jumuiya iseme kwamba wazazi wanasali. Huko mliko hakuna wa kubisha. Mkikosa Misa miezi 3 hakuna atakayeuliza, wala si kwamba watu hawana upendo. Hawajui kama mpo. Kazi ya kujulikana ni yenu, na ianze wiki ya kwanza.

Marekani parokia nyingi zina fomu ya kujiandikisha: ijazeni mapema, mwandike na umri wa kila mtoto, maana mafundisho ya Komunyo ya Kwanza hupangwa kwa umri na darasa. Ujerumani mambo huanzia ofisi ya serikali. Unapoandikisha makazi unaulizwa dini. Jibu ni römisch-katholisch, yaani Mkatoliki. Wapo wanaoshauriwa na wenzao waseme hawana dini ili wakwepe kodi ya kanisa. Tunawasihi msifanye hivyo. Kodi hiyo ni asilimia 8 kule Bavaria na Baden-Württemberg, na 9 kwenye majimbo mengine, tena ni asilimia ya kodi ya mapato, wala si ya mshahara. Mwanafunzi asiyekatwa kodi ya mapato hakatwi chochote. Lakini ukiandikwa huna dini, jina lako haliifikii parokia, na siku ya kubatiza mtoto au ya kuombwa uwe msimamizi wa ubatizo utaanza kujieleza upya.

Parokia ipi? Chagueni ile mnayoweza kuifikia na mtoto mgonjwa wa mafua siku ya baridi. Misa ya Kiswahili, mahali ilipo, mara nyingi ni ya mara moja kwa mwezi na iko mbali. Iendeeni kwa furaha, lakini isichukue nafasi ya parokia ya karibu. Kisha salini Misa ileile, saa ileile, benchi lilelile. Baada ya wiki kadhaa jirani wa benchi atauliza jina la mtoto. Kaeni mbele, watoto wakiona altare hutulia kuliko wakiona migongo ya watu. Baada ya Misa msikimbilie basi: ile nusu saa ya kahawa ukumbini ndiyo jumuiya yao. Ujerumani muulizieni mtoto nafasi kwa Sternsinger, watoto wanaovaa kama Mamajusi na kupita nyumba kwa nyumba karibu na tarehe 6 Januari wakichangishia watoto wa nchi nyingine. Mtoto aliyezoea Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto parokiani, atajiona yuko nyumbani. Ila angalieni, ile ibada ya watoto ya alasiri ya tarehe 24, yenye igizo la pango, mara nyingi si Misa. Someni ratiba vizuri.

Na jumuiya yenu wenyewe anzisheni, familia 3 zinatosha. Mwarifuni paroko, chagueni siku moja isiyobadilika, kwa mfano Jumamosi ya pili ya mwezi, na muda usizidi saa moja na nusu. Someni Injili ya Dominika inayofuata kwa zile hatua saba za kushirikishana Injili mlizozizoea, watoto wasome kwa lugha ya shule yao kama Kiswahili bado ni kigumu. Jumuiya nyingi huvunjwa na chakula: wa kwanza anapika wali, wa pili pilau na kuku, wa tatu anaona aibu na kuahirisha zamu yake. Kubalianeni tangu mwanzo, chai na kitafunwa kimoja. La pili ni michango. Ya msiba ipangiwe utaratibu na mhazini kabla ya msiba, na kundi la simu la sala lisigeuke la siasa na biashara.

Kuhusu ubatizo, ombeni miezi 2 au 3 kabla, kwa kuwa kuna semina ya wazazi na tarehe ni chache. Msimamizi awe ametimiza miaka 16, amepata Kipaimara na Ekaristi, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Akiwa Mbeya asiweze kusafiri, muulizeni paroko kama anaweza kuwakilishwa; ataleta barua ya paroko wake. Cheti chenu cha ubatizo, hasa kwa ajili ya ndoa, hutakiwa kiwe kimetolewa upya ndani ya miezi 6, kwa kuwa Kipaimara na ndoa huongezwa kwenye kitabu cha ubatizo. Kitabu kiko parokia mliyobatizwa, hata kama mlilelewa kwingine. Waliobatizwa parokia za Mufindi wakumbuke kwamba tangu Desemba 2023 wana Jimbo Katoliki la Mafinga, kwa hiyo jina la jimbo kwenye cheti kipya litatofautiana na la zamani. Linganisheni pia majina na pasipoti: Yohana wa kitabuni na John wa pasipoti wamewahi kusimamisha ndoa nyingi. Barua fupi ya paroko hulimaliza tatizo hilo.

Watoto waliozaliwa huko mwaka huu, tumeni majina yao kwa katibu wa jumuiya yenu ya huku kabla ya Dominika ya Familia Takatifu, tuyasome kwenye sala. Wabusuni kwa niaba ya bibi na babu.

Heri ya Noeli na Mwaka Mpya.