Risala ya Vijana wa Ushirika kwa Mgeni Rasmi kutoka Herrnhut

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Wachungaji, wazee wa kanisa, wazazi na vijana wenzetu,

Mwanakondoo ameshinda! Karibu sana Rungwe. Tunajua si adabu kumsimulia mtu habari za kwao, ila utuvumilie: mwaka huu kikundi chetu kimejifunza historia ya Herrnhut, mji wa Ujerumani ambako Kanisa letu la Moravian lilifufuka, na leo tumempata wa kutusahihisha.

Kwa jinsi wazee wetu wanavyoutaja, tulidhani ni mji mkubwa. Kumbe una wakazi wapatao 6,000 tu pamoja na vijiji vyake, huko Saksonia, karibu na mipaka ya Poland na Cheki. Wala haukuanzishwa na wenye nguvu. Mwaka 1722 wakimbizi wa imani kutoka Moravia walipewa hifadhi katika ardhi ya kabaila Zinzendorf, na seremala Christian David akaangusha mti wa kwanza. Haikupita miaka 5 wakawa wanagombana wao kwa wao, hadi Agosti 1727 walipopatana kwenye meza ya Bwana. Ndipo wakaanza zamu za maombi, usiku na mchana, zilizodumu zaidi ya miaka 100. Mwaka 1732 mfinyanzi mmoja na seremala mmoja wakaondoka kwenda Karibiani kuwahubiria watumwa. Hapa kwetu wamisionari wao walifika 1891.

Kilichotugusa zaidi ni makaburi ya kilima cha Hutberg. Mawe yamelazwa chini, yanalingana, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Fundi viatu hapitwi na tajiri. Ya Zinzendorf na jamaa zake tu ndiyo yaliyoinuliwa katikati. Hilo tumeliona, na tutakuuliza wakati wa chai.

Tunafahamu pia kuwa Mei 1945, vita vikiisha, katikati ya mji paliteketea, kanisa likiwemo, na likajengwa upya.

Mheshimiwa, changamoto yetu ni moja. Nyota ya Herrnhut, ile inayotundikwa wakati wa Majilio, yaani majuma ya kungoja Krismasi, ina pembe 25: 17 za pande nne na 8 za pande tatu. Sisi tumeikata kwa maboksi, tukaigandisha kwa uji wa ngano. Hiyo inayoning'inia juu ya kichwa chako ina pembe 22, na mbili zimeshaanza kulegea kwa unyevu wa mvua zetu. Tunaomba utuachie vipimo sahihi kabla hujaondoka, ili Majilio yajayo tuitundike ikiwa kamili.

Tunaomba kuwasilisha.