Aksanti kwa papa (mzee) mwenye msumeno, Kadutu, Bukavu

Papa mmoja fundi alinisaidia na hakutaka kutaja jina lake, basi namshukuru hapa mbele ya wote.

Ninajenga mashua ndogo ya tripleksi (mbao za tabaka zilizogundishwa) kwa ajili ya Ziwa Kivu. Msumeno wa karakana moja ulichana pembe za ubao wangu, halafu umeme ukakatika (Bukavu, mnajua wenyewe).

Papa alikuwa akipita na msumeno wake wa mkono, wa meno madogo. Akalaza mbao juu ya magogo zisipinde katikati, akabana mbili pamoja ili ubavu wa kushoto na wa kulia ulingane. Mstari wa mviringo aliuchora kwa ufito mwembamba ulioegemezwa kwenye misumari. Kisha akapitisha kisu juu ya alama ili nyuzi zisichanike, akakata milimita mbili nje yake na kumalizia kwa randa. Hakuharakisha hata kidogo. Pesa alikataa, chai alikubali.

Mafundi wengine, kijana akiwaletea mchoro wa ajabu, msimcheke, mumshikie ubao. Na wewe papa, njoo uikague mashua kabla sijapaka rangi.